Saini ya Ghorofa ya Nne

Wenzake wa uwanja wa ndege walimwita Punda, naye hakununa; jina linalokulisha miaka kumi na tisa hulinunii. Kazi yake ilikuwa kupeleka majumbani masanduku ambayo ndege iliyaacha njiani. Siku hiyo alishapeleka kumi na moja. La kumi na mbili, jekundu, lililopasuka kona, lilikuwa la ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa mbovu. Akalipandisha ngazi moja moja, goti likimlalamikia.

Mlango ulifunguliwa na mama mmoja mwenye utepe wa kupimia shingoni, fundi cherehani.

"Ndiyo linafika leo?" Mama aliliangalia sanduku kama mgeni aliyekuja vyombo vimeshaoshwa. "Gauni la mwanangu limo humo. Harusi ilikuwa juzi. Kaolewa kavaa gauni la kuazima, na mimi mamake fundi mzima!"

"Pole, mama. Saini hapa."

"Sisaini ng'o! Nikisaini, nimekubali kwamba limekuja salama. Warudishie wenyewe."

"Shukrani ya punda mateke," alinung'unika.

"Umesemaje, baba?"

"Nasema goti linauma."

Alikaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. Bila saini, sanduku lingeshuka naye, na kesho angelipandisha tena. Maneno matamu alikuwa nayo asubuhi. Kufikia sanduku la saba yalishamwishia.

"Sikiliza, mama. Wale wa shirika la ndege wanaombea usisaini. Ukikataa wanaandika 'mwenyewe kakataa mzigo', na dai lako la fidia limekufa. Saini, lakini juu ya saini andika kwa mkono wako: limechelewa siku tano, kona imepasuka, ndani sijakagua. Hapo umewakaba koo."

Mama alimkazia macho. "Na wewe si mtu wao? Unaniambia hayo kwa nini?"

"Mimi mtu wa ngazi. Ghorofa nne sizipandi mara mbili na mzigo uleule."

Mama alicheka bila kutaka. Akachukua kalamu, akaandika taratibu, herufi kubwakubwa, mpaka maneno yakavuka mstari wa fomu na kuingia kwenye nafasi ya msimamizi. Ndipo akasaini. Akaliburuta sanduku ndani, kisha akageuka.

"Nikuletee maji, baba?"

"Yako mbali?"

"Jikoni tu hapo."

"Basi lete," alisema Punda, akinyoosha goti. "Maadamu anayeyafuata si mimi."