Firigisi Aliyopewa Mpelelezi

Juzi nilikiona kile kitabu mjini Kakamega, kimetandazwa juu ya gunia katikati ya vitabu vya hesabu na Biblia zilizochakaa. Jalada limepauka, lakini yule mtu wa kofia na tochi bado anachungulia ndani ya shamba la miwa. Kabla sijafikiri, mkono wangu ulikuwa umeshakigeuza kifudifudi. Kijana aliyekuwa akiuza akanitazama. "Hiyo ni moto, mathe. Ni ya upelelezi." Nikamwambia nimeshaisoma, nikaenda zangu uso ukiniwaka, mimi mtu mzima mwenye watoto wa sekondari.

Aliyekiandika alikuwa jirani yetu huko karibu na Shianda. Kwa miaka mingi alikuwa mpelelezi wa kibinafsi Nairobi: kufuata waume za watu, kutafuta magari yaliyoibwa, kukaa nje ya hoteli akijifanya anasoma gazeti. Alipochoka alirudi kwenye boma la marehemu baba yake, bila mke, na taipureta yake chini ya kwapa, akaanza kuandika hadithi za kazi ile ile. Tulimwita Mpelelezi hata mbele yake, na alipenda. Asubuhi ungeisikia taipureta ikigonga, ikishindana na matrekta ya miwa barabarani. Alikuwa na macho, yule mzee. Aliangalia viatu vyako tu akakwambia umepitia wapi. Sisi watoto tulimwogopa, na bado tulimfuata kila alikokwenda.

Nyanya yangu, niliyemwita Kukhu, ambaye ndiye aliyenilea, alimhurumia kwa sababu alikuwa hajui kupika. Akamwalika awe anakula kwetu Jumapili baada ya kanisa. Na Jumapili kwa nyanya, rafiki yangu, ilikuwa ingokho, kuku wa kienyeji hasa, na obusuma, ugali wa kushiba. Mimi ndiye niliyemtumbukiza kuku kwenye maji moto na kumnyonyoa. Kisha niliipasua firigisi, nikamwaga changarawe, nikaambua ile ngozi ya manjano ya ndani polepole isichanike. Baada ya hapo firigisi ilikuwa si yangu tena, maana kwetu msichana hakuionja, wala mwanamke yeyote. Ilikuwa ya mwenye nyumba. Mke aliyemtengea mumewe kuku asiye na firigisi angeweza kurudishwa kwao akaeleze nani ameila. Babu alipofariki, nyanya aliiweka kwa ajili ya mjomba akija kutoka Lugari. Mjomba asipokuja alimtupia paka, na paka wetu alinenepa vizuri sana.

Basi Jumapili moja nikapeleka bakuli mezani kwa Mpelelezi, nikafunua kifuniko, nikaiona pale juu ya paja. Mgeni wa heshima huweza kupewa, hilo lilijulikana. Lakini nyanya alikuwa amevaa kitambaa chake cha Krismasi, na alisimama mlangoni akifuta mikono iliyokwisha kukauka. Mpelelezi akaitazama firigisi, akamtazama nyanya, akaila taratibu. Jumapili zilizofuata ikawa vivyo hivyo. Nyanya akaanza kuimba akiosha vyombo. Alimpenda, ndivyo ilivyokuwa. Nalisema leo kwa sababu siku zile hakuna aliyelitamka, hata yeye mwenyewe.

Kitabu kilipotoka, Mpelelezi alikiuza kwa mkono wake sokoni, na mwalimu wetu wa Kiswahili akawa anatusomea Ijumaa mchana. Tulikisubiri wiki nzima. Dereva wa lori la miwa anashukiwa kumuua karani wa mizani. Anaapa kwamba hana mazoea yoyote na mjane anayeishi jirani na mizani, kwamba pale kwa mjane ni mpita njia tu aliyeomba chakula. Mpelelezi wa hadithini anamkuta mezani, anachungulia bakuli, anaona firigisi. Kumbe huyu ndiye mwenye nyumba! Uongo wote wa dereva unaporomoka hapo.

Mwalimu alisoma kwa madaha. Bakuli la bati lenye maua ya buluu, limebanduka rangi ukingoni. Mjane mwenye pengo anayefunika mdomo akicheka. Paka mnene mlangoni. Mtu wa nyuma akasema, "Si huyo ni kukhu yake!" Wakaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka kidogo kabla ya kukifunga kitabu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kufikia jioni habari ilikuwa imeenea kote. Hakuna aliyejali nani alimuua karani. Walichotaka kujua ni dereva yupi. Lori likipunguza mwendo karibu na kwetu, vijana walipiga kelele, "Firigisi iko tayari!" Wanawake wa kanisa wakamwambia nyanya apumzike kidogo kuongoza maombi ya Alhamisi. Nyanya hakujua kusoma. Akanikalisha jikoni nimsomee ukurasa ule, nami nikausoma huku nimeona haya kama vile nimevuliwa nguo.

"Ameandika ati ni dereva?" akauliza.

"Ndio, Kukhu."

"Na ni yeye alikuwa anakulanga."

Akajifunga leso, akanishika mkono, tukaenda kwake. Tulimkuta anapiga taipureta.

"Mzee, sina maneno mingi," nyanya akasema. "Kuja kanisani useme ni wewe unakulanga kwangu. Sema ulikuwa mgeni, nikakupatia heshima. Watu wanakuskizanga. Hii aibu itaisha."

Mpelelezi akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Mama, hiyo ni hadithi tu. Halafu kwa kitabu, mwenye alikula ndiye aliua. Nikisema ni mimi, watu watasema nini?"

"Watasema ulikula."

Akairudisha miwani usoni. Tulipofika njiani taipureta ikaanza tena.

Jumapili, sijui alipata wapi uso, alikuja kula kama kawaida. Nyanya akamtengea. Nilifunua bakuli mwenyewe: shingo, mabawa, miguu. Mpelelezi akapitisha kijiko kwenye mchuzi, akakipitisha tena. Hakuhitaji kuambiwa, kusoma vitu kama hivyo ndiko kulikomlisha maisha yake yote. Akaomba maji ya kunawa, akaondoka bila kugusa obusuma. Hakuwahi kurudi.

Nyanya akaitoa firigisi sufuriani, akaikata katikati, nusu akanipa. "Kula. Ni nyama tu." Tukaila tumesimama. Niliimeza kwa woga na machozi, yeye akatafuna huku ameutazama mlango.

Leo wote wawili wamezikwa, na nyanya alizikwa bila kurudishiwa maombi yake ya Alhamisi. Mashamba mengi ya miwa yamegeuzwa ya mahindi. Nilipomsimulia binti yangu mkubwa kisa cha kitabu, alishangaa kipande cha nyama kinawezaje kuwa ushahidi, na nilipojaribu kumweleza nikaona hata mimi maneno yananipotea. Kwake hiyo ni kesi ambayo hakuna ambaye angeishinda. Firigisi siku hizi zinakaangwa kando ya barabara na kuchomekwa kwenye vijiti, na wanangu wa kike wanazila wakitembea, wakicheka, hakuna anayegeuka kuwatazama. Wakinipa kipande nakipokea. Nakitafuna haraka, nimeinamisha uso, kama mtu anayekula cha wizi.