Mwakilishi Wangu Msibani

Bibi jirani alipofiwa na mumewe, mtaa wetu wote hapa Kyimo ulihamia kwake. Wanaume walichimba kaburi, wanawake walipika, na waliokosa kazi walikaa tu juu ya majani ya migomba, maana huku kukaa nako ni kazi. Mimi nilimtuma kibarua. Mzee wa watu, anayenifyekea majani, nilimtwika mkungu wa ndizi nikamwambia apasue kuni kwa niaba yangu na, akiweza, alie kidogo.

Nilisingizia zamu kiwandani. Uongo mtupu! Nilikuwa likizo, nimejifunika blanketi, natazama tamthilia kwenye simu. Mama yangu, ninayeishi naye, akasonya.

"Msibani hatumwi mtu, mwanangu."

Nikamjibu kwamba hapa si kwetu Makete.

"Hata Makete hatutumi kibarua," akasema.

Basi masika yakaingia, na mvua ya Tukuyu haina adabu. Asubuhi moja mama aliteleza akienda chooni, akavunjika nyonga. Kutoka kwangu hadi lami ni mlima wa tope. Bajaji haishuki, bodaboda wanakataa. Mama hakusonya hata mara moja, na mama yangu asiposonya ujue mambo yameharibika. Niliogopa kwamba atanifia mle ndani. Nikatoka uani nikapiga yowe kwamba mama amevunjika, nisaidieni jamani!

Huku ukipiga yowe watu huja mbio. Kwangu alikuja mtu mmoja, yule yule kibarua, kajitanda mfuko wa mbolea kichwani.

"Bibi kanituma," akasema. "Anasema nimwakilishe."

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwacha na mama, nikakimbia peku hadi kwa bibi, nikapiga magoti kwenye tope la uani kwake, kama wanawake wa huku wanavyosalimia wakubwa.

"Ugonile?" akaanza, kana kwamba hajasikia kitu. Nimelalaje? Na migomba? Na kazi ya kiwandani? Nikajibu yote huku makamasi yananitoka. Mwisho nikasema, "Bibi, nisamehe. Siku ile ya msiba nilikuwepo nyumbani."

"Najua. Moshi wa jiko lako niliuona. Haya inuka, mama yako anangoja."

Tulipofika nilikuta wanaume sita uani. Walikuwa wamepita shambani kwa nyuma, wameufyeka uzio wangu, na mama wameshamfunga kwenye machela ya miti na blanketi, lile lile nililojifunika siku ya msiba. Kumbe bibi aliwatuma yowe lilipolia tu. Ni mimi tu aliyenisubirisha, bibi yule mjanja.

Tukaupanda ule mlima, wanaume wakipokezana mabega. Bibi alimshika mama mkono njia nzima. Karibu na lami mama akafumbua macho, akaniona nilivyotapakaa tope mpaka magotini.

"Na huyu naye amekuja?" akamuuliza bibi.

"Amekuja mwenyewe," bibi akasema.