Glasi Aliyoipokea Belarmino

Kaka yangu Eleuterio hakuwahi kuomba kitu kwa mtu. Chumvi ikiisha, anakula viazi bila chumvi. Lakini kanisa letu la mbao, alilolitunza tangu ujanani, lilitaka kutumbukia baharini. Padri huja mara moja kwa mwaka hapa kisiwani Chiloé. Siku nyingine zote Eleuterio ndiye huongoza sala na kuzika wafu. Babu zetu walilijenga bila msumari hata mmoja. Mvua za mwaka ule ziliumega ukingo mpaka karibu na ukuta.

"Tufanye minga," nikamwambia. "Kijiji kizima tulivute hadi kwenye malisho."

"Kwa maksai gani, Otilia?"

Maksai wa kutangulia walikuwa wa jirani yetu Belarmino, na yeye na kaka walikuwa hawajasemezana tangu nguruwe wa Belarmino ale viazi vyetu. Nguruwe! Watu wazima na mvi zao!

"Kamwombe."

"Yule? Afadhali nife."

"Haya kufa, tukusalie wapi? Kanisa litakuwa majini!"

Kwetu, anayeomba minga, yaani kazi ya kusaidiana, huenda na pombe ya matufaha. Haelezi shida yake, anamimina tu. Ukipokea glasi, umekubali. Eleuterio alisimama mlangoni pa Belarmino, glasi mkononi, nami nyuma nimemzibia njia asitoroke. Belarmino aliitazama glasi, akamtazama kaka, kisha akainywa yote.

"Chachu kama wewe," akasema.

Loo, nilipumua!

Jumamosi kanisa likatembea juu ya magogo, maksai mbele, wanaume wakipiga kelele, kengele ikijilia yenyewe mnarani. Lilipotulia kwenye malisho bila ubao kupasuka, Eleuterio aliketi kwenye majani akalia waziwazi. Nami nililia.

Minga hulipwa kwa kazi. Basi akamwendea Belarmino. "Sema, jirani. Nikukatie kuni? Nikupandie viazi?"

Belarmino akainamisha kichwa. "Ni mama. Tulipogombana nilimkataza kuja kusali kwako. Sasa miguu imekataa, na anaogopa kufa kabla hajasali tena kanisani. Nami mgongo wangu ndio huu, umekwisha."

Jumapili asubuhi Eleuterio alikwenda, akambeba bibi kizee mgongoni hadi benchi la mbele, kisha akabaki amesimama mbele yake.

Bibi akapangusa macho. "Unangoja nini, mwanangu? Anza. Nimechelewa vya kutosha."