Kafedha na Korongo la Kwao

Kwa miaka kumi na tisa Kafedha alisuka makuti Kisauni, na miaka hiyo yote aliitwa mwongo. Kisa ni Nyari, korongo la kwao Marafa, lililopasuka lenyewe katikati ya tambarare. Wazee wa huko husimulia kwamba hapo walikaa matajiri waliokoga maziwa huku jirani wakilala njaa, Mungu akawadidimiza. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu ya ng'ombe wao.

"Kakangu alioa hadithi," Kache, wifi yake, alikuwa akimwambia mbele za watu. "Likiwapo, nitakubeba mgongoni ulizunguke!"

"Umesema, na mashahidi wapo."

Mwaka wa 1948, mvua zilipokwisha, wawili hao walipanda basi wakalione. Mtwapa na Kilifi walivuka kwa pantoni, wanaume walioivuta kwa minyororo wakiimba, Kache akiwaitikia kwa vigelegele. Toka Malindi wakadandia lori la mahindi, likawashusha Marafa mchana.

Tambarare tupu. Vichaka, na mbuzi wawili.

"Korongo limekwenda sokoni?" Kache aliuliza, kajishika mbavu. "Tulingoje?"

Kafedha alikuwa akilitafuta zizi la marehemu babake, maana toka zizini hadi ukingoni ni hatua mia. Akaenda mbele, akarudi. Zizi halipo. Je, kama miaka yote hiyo alikuwa akisimulia ndoto?

"Mama wee!"

Kache alikuwa ameketi kitako ghafla. Mbele ya miguu yake nchi ilikuwa imekwisha. Chini kabisa, minara ya udongo mwekundu na mweupe ilisimama kama mapembe, mamia kwa mamia.

Kafedha akachungulia, akaelewa. Kuta zile humomonyoka kila masika, na zizi lilikwisha kumezwa. Nguzo moja ya uzio ilining'inia ukutani. Alitaka kulia, lakini Kache alikwisha kuchutama, kampa mgongo.

"Panda, wifi."

"Mimi mzito."

"Najua! Ndiyo maana niliomba liwe uongo."

Hatua saba tu, wakaanguka kichakani, wakicheka hata mbuzi wakatimua mbio.

"Zimebaki ngapi?" Kache aliuliza, akihema.

"Korongo zima."

Waliporudi Kisauni, Kache ndiye aliyesimulia, akiruka na kuonyesha kina kwa mikono. Majirani wakaangua kicheko: naye kaambukizwa!

"Waambie, wifi!" alilia.

Kafedha akavuta ukuti mwingine, akatabasamu. "Ngoja miaka kumi na tisa."