Nyumba ya Bibi na Nyumba ya Angani

Baba mdogo alitaka kuibomoa nyumba ya bibi kule Mwazye, halafu amhamishie kwake Chanji, mjini. Aliogopa kumwambia mama yake. Kwetu jambo zito kama hilo hupelekwa na mjukuu, maana mjukuu na bibi ni watani. Akanituma mimi, mtu ambaye kwa kuona haya kusema, hata dukani naonyesha kitu kwa kidole.

Nilimkuta bibi anaziba ufa wa ukuta kwa udongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume tulishamzika, sasa umefuata nini?"

Nikasema nimekuja kumsalimia tu.

Jioni tulikuwa uani tunakula ugali wa ulezi kwa mlenda. Nyota moja ikapita juu, inatembea bila kumetameta. Nikaishika hiyo hiyo iwe njia ya kuanzia. Nikamwambia ile si nyota, ni nyumba, na ndani wanaishi watu, nilisikia redioni. Imezeeka, ina nyufa, inavuja hewa, na wenyewe wamepanga kuiangusha baharini.

"Waliomo watahamia wapi?"

"Wanasema zitajengwa nyingine."

"Zimeshajengwa?"

"Bado."

Tonge la bibi likasimama njiani. "Wanapanga kubomoa hata msingi mpya haujachimbwa? Hao ni ndugu zake baba yako mdogo!"

Nikapaliwa na mlenda. Kumbe alijua kilichonileta tangu nilipoingia.

"Na huko juu wanapandaje?" akauliza, kama vile hakusema kitu.

"Kwa vyombo. Nchi moja kubwa ilikaa miaka haina chombo cha kupandisha watu, ikawa inaomba lifti kwa wengine."

"Ikanogewa?"

"Hapana, bibi. Sasa wana vyao."

"Umeona? Mimi nikihamia Chanji, hata chumvi nitamwomba mkwe wangu. Kamwambie aliyekutuma aanze na matofali."

Nilirudi nikamweleza baba mdogo yote, pamoja na habari za angani. Alinitazama, akashika kiuno, akasema, "Nilikutuma kwa bibi, wewe ukapitia mbinguni!"

Lakini baada ya mavuno alikwenda mwenyewe Mwazye kufyatua matofali ya nyumba mpya. Tanuru linafuka moshi nyuma ya nyumba ya zamani, ambayo bado imesimama, na ufa wake umezibwa upya. Kila nikifika, bibi anaangalia juu kwanza.

"Wenzetu wameshahamia?"

"Bado, bibi."

"Wape pole. Sisi tumeshafika kwenye tanuru."