Shida ni Redio

Gabriel Mwandawiro alikata mkonge miaka ishirini na miwili kabla ya kupata kazi ya kulinda mnara wa simu nyuma ya mji wa Maungu. Watu huuita busta. Yeye huuita ofisi. Ana miezi saba hapo, na viganja vyake vimeanza kulainika. Mkewe, Loice, huvishika akamtania: "Mikono ya karani hii."

Jumatatu asubuhi msimamizi alimpigia simu kutoka Mombasa.

"Mzee, upande wa Sagala hakuna network. Shida ni redio. Fundi anakuja kuitoa."

Simu ikakatika.

Gabriel akaigeukia redio yake ndogo, iliyokuwa ikisoma matangazo ya vifo. Waya wake ulipita chini ya mlango hadi chumba cha betri za mnara. Alikatazwa kuchomeka chochote humo, hata chaja. Wamejuaje, nao wako Mombasa? Akauchomoa waya. Tayari aliusikia mkonge ukimchoma viganjani.

Saa nne gari lilifika. Fundi alikuwa dada mwembamba aitwaye Carolyne, pamoja na dereva wake. Hata salamu hazijaisha, Gabriel akamnyooshea redio na waya wake kwa mikono miwili.

"Madam, nimekosa. Network ya Sagala nimeiua mimi. Nilikuwa nasikiza tu vifo na mpira, kwa betri zenu."

"Baba, hii ni nini?"

"Redio. Si umekuja kuitoa?"

Dereva akaegemea gari, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Carolyne alijizuia, akashindwa.

"Tazama kule juu, baba. Yale masanduku ya kijivu nyuma ya antena, unayaona? Yako matatu, na kila moja linaongea na simu za upande wake. Hayo ndiyo sisi tunaita redio. La Sagala limeungua, nafikiri ni radi ya juzi. Hako kako hakawezi kuua hata mbu."

"Kwa hivyo sifutwi?"

"Kwa hako? Hapana. Lakini huo waya nisiuone tena. Nunua betri."

Gabriel akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Akacheka peke yake, wenzake walipokwisha kunyamaza.

Carolyne akavaa mikanda, akapanda. Gabriel na dereva wakavuta kamba, sanduku jipya likapaa taratibu, likizunguka juani kama tunda kwenye kikonyo. Saa saba simu za Sagala zikaanza kuita.

Kabla ya kuondoka, ilibidi fundi ajaze daftari la wageni: jina, saa, sababu ya kuja. Gabriel akafuata maandishi kwa kidole. *Kubadilisha redio.*

"Madam," akasema, akimrudishia kalamu, "niongezee hapo, *ya juu mnarani*. Huyo msimamizi hulisoma hili daftari."