Ukuta Uliopakwa Rangi kwa Ajili ya Mkaguzi

Siku ya kwanza kufanya biashara na yule mama mshonaji, alinikaba koo kwa maneno dukani kwangu mpaka nikamwachia ndoo ya rangi kwa bei ya hasara.

"Mama, utanifungisha duka."

"Funga tu, mwanangu, ila rangi nipe kwanza. Kesho napokea mgeni mkubwa."

Mgeni alikuwa mkaguzi wa majengo kutoka manispaa. Kampuni iliyokuwa ikichimba msingi wa ghorofa jirani ilikuwa imeipasua nyumba ya mama. Kwa miezi minane mama aliufuatilia kila ufa kwa chaki ya kushonea, akiandika tarehe ukutani. Alipeleka barua saba ndipo akakubaliwa ukaguzi.

Lakini aliona aibu kumkaribisha mtu wa serikali kwenye ukuta uliochorwachorwa. Akaziba nyufa kwa saruji, akapaka sebule nzima.

Mkaguzi alifika, akakohoa kwa harufu ya rangi. "Nyufa ziko wapi, mama?"

"Ziko humo humo chini ya rangi, baba. Nilikusafishia."

Akaandika kwamba nyumba haina kasoro.

Kampuni ikaendelea kuchimba. Mvua za kwanza zilipokuja, ukuta ukaanguka, na manispaa ikasema mwenye nyumba alijenga vibaya. Mama akaiuzia kampuni hiyo hiyo kiwanja, kwa bei waliyoipanga wao. Sasa anashona barazani kwa bintiye, pale palipokuwa nyumba yake kampuni inaegesha magari, na mimi imenipa oda ya rangi ya ghorofa lile zima. Sikuikataa.